Ruta ya Don Eligio na Siri ya Marehemu

Redio ya Yuberkis ndiyo iliyotuchonganisha Jumamosi ile. Tulikuwa wanne tunacheza domino mbele ya kolmado yake, duka linalouza kila kitu, kuanzia mchele wa kupima hadi bia ya barafu. Chupa moja kubwa ilikuwa katikati ya meza, na vikombe vyetu vya plastiki vidogo kama vya dawa ya kikohozi. Mtangazaji akasema ruta za waifai zenye zaidi ya miaka mitano ni vyuma chakavu. Kampuni ya intaneti imesimamisha mwavuli pale kona: leta ya zamani, ongeza peso elfu tatu, ondoka na mpya. Mwisho saa kumi na mbili jioni.

Don Eligio akazilaza kete zake kifudifudi. Huyu ni fundi cherehani mstaafu, mjane, na nyumba yake imeshikana ukuta na kolmado.

"Jamani, naenda kubadilisha," akasema. "Saa kumi na moja mjukuu wangu Aylín anapata komunyo ya kwanza kule Nyuyoki, na padri amempa somo asome mbele ya kanisa zima. Sikubali yanikute ya sikukuu yake ya kuzaliwa. Picha iliganda, nikatazama kiwiko cha mkwe wangu dakika arobaini!"

"Kaa chini, mzee," akasema Profesa, mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye hajawahi kukosa jibu. "Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao wenyewe umetoboka, Profesa!"

"Hizi mpya zina mionzi. Kuna bwana mmoja kule Santiago aliweka mpya, kuku wake wakaacha kutaga."

"Mimi sina kuku."

"Shukuru Mungu. Ingekuwa msiba."

Moncho Wembe, kinyozi wetu, akapiga kete mezani hadi bia ikaruka. Don Eligio ndiye baba wa ubatizo wa mwanawe, kwa hiyo wanaitana kompadre.

"Kompadre, nisikilize mimi ninayekupenda. Za zamani zina chuma ndani. Za siku hizi plastiki tupu, ukipiga chafya inazima. Ile yako ni mashine! Inafika mpaka kwenye kiti changu cha kunyolea."

"Inafika wapi?"

"Nasema... ingeweza kufika. Kwa ubora wake."

Mimi wanayeniita Mbavu nikaona nami nisaidie. "Na ukiweka mpya, mzee, utalazimika kuweka neno la siri jipya. Kwa umri wako, utalikumbuka?"

"Mbavu, mimi nakumbuka kiuno cha kila mwanamke niliyemshonea tangu mwaka sabini na nne."

Yuberkis akachomoza kichwa juu ya kaunta, kijiko cha kupimia mchele mkononi. "Mbona mnamsumbua mzee wa watu? Don Eligio, ruta yako haina ugonjwa. Juzi ndiyo ilikuwa nzito kidogo wakati wa tamthilia, lakini tangu jana inateleza kama mafuta."

 

Don Eligio akageuka taratibu. "Yuberkis, binti yangu. Umejuaje kwamba juzi ilikuwa nzito?"

Moncho akaangua kicheko. "Kanaswa! Mwizi wa mawimbi huyu! Mwanamke huna haya!" Kumbe simu ya Moncho mwenyewe imeegemea chupa, mechi ya besiboli inaendelea mubashara, na mchezaji amepiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Uwanja mzima ukapiga kelele kutoka kwenye simu.

"Na wewe kompadre," akasema Don Eligio, "hiyo mechi unaletewa na nani?"

Moncho akagonga meza kwa kifundo cha kidole, kama agongavyo mchezaji asiye na kete ya kucheza. "Napita."

"Profesa?"

Profesa akasafisha miwani, akaivaa, akagonga. "Napita."

"Mbavu?"

Mimi nilikuwa natazama dari, na pale nje hakuna dari. Nikagonga.

"Majambazi!" Don Eligio akasimama. "Nakaa meza moja na majambazi!"

"Jambazi si mimi," Yuberkis akapandisha sauti. "Neno la siri nilipewa na marehemu mkeo, Doña Mercedita, Mungu amweke pema. Siku ya kile kimbunga, nilipokuwa namtafuta dada yangu. Akanishika sikio akaniambia, 'Yuberkis, wewe tu. Usimwambie mtu.'"

"Wewe tu?" Profesa akaruka. "Wewe tu vipi? Mimi alinipa wakati wa Kwaresima, pamoja na bakuli la maharage matamu! 'Profesa, wewe tu!'"

"Mimi aliniandikia kwenye karatasi ya dawa yake ya presha," Moncho akasema, ameumia kweli. "Miaka sita nimeificha kwenye pochi. Hata mke wangu hajui."

"Mkeo alipewa kabla yako," Yuberkis akamjibu.

Don Eligio akakaa tena. Akatutazama mmoja mmoja. "Hata mimi, mwenye nyumba, aliniambia, 'Ligio, wewe tu. Usimwambie mtu.'" Akajipiga paji la uso. "Na mimi mjinga nikaitunza siri!"

Tulicheka hadi Moncho akaanguka na kiti. Don Eligio alicheka pia, kisha akatazama saa, uso ukambadilika. Zimebaki dakika nne kufika saa kumi na moja.

Yuberkis hakungoja kuambiwa. Alikusanya simu zetu akazitupa kwenye mizani. "Kilo moja kasorobo ya wizi!" Kisha akasimama katikati ya kichochoro, akatumia ile sauti ya kutangaza kwamba gesi imefika. "Zimeni waifai nyote! Aylín anasoma!"

"Aylín ndiye nani?" likauliza dirisha moja.

"Wa Mercedita!"

Muziki ukakatika hapa, tamthilia ikakatika pale, sala ya mtandaoni ikakatika ghorofani kabla ya amina. Sikuwahi kujua kichochoro chetu kina kimya.

Na kwenye tableti ya Don Eligio akatokea mtoto mwenye gauni jeupe, picha safi, hadi pengo la jino tulikuwa tunaliona. Akasoma somo lake lote bila kuganda hata neno moja. Alipomaliza alinong'oneza, "Babu, umenisikia?"

"Hadi pumzi, mama," akasema Don Eligio, na machozi hakuyafuta.

Tukadhani kesi ya ruta imefungwa. Lakini mzee alinyanyuka, akachomoa ile ya zamani ukutani kwake, akaelekea kwenye mwavuli. Nikamfuata.

"Hii mpya inabeba simu ngapi?" akamuuliza mama wa kampuni.

"Sitini na nne, mzee."

Don Eligio akakitazama kichochoro, akahesabu madirisha kwa midomo. "Tutabanana," akasema, akalipa.

Kesho yake, natoka misani, akanivuta nyuma ya nguzo ya kanisa, akaniambia neno jipya sikioni. "Mbavu, wewe tu. Usimwambie mtu."

Nilishuka ngazi kifua mbele. Kwenye ngazi ya chini alikuwepo Profesa, kajishika sikio, anatabasamu peke yake.

"Habari za asubuhi, Mbavu."

"Nzuri, Profesa."

Tukaenda kucheza domino.