Jinsi Wilondja Alivyoupiga Picha Mwezi Mwekundu

Sogeeni, enyi watu wa kambi ya Dzaleka! Wekeni ndoo chini, foleni ya maji haiwakimbii. Nanyi mnaosonga nsima, punguzeni moto, maana leo nasimulia vita vya Wilondja wa Fizi, bwana wa simu moja yenye kioo kilichopasuka. Atakayecheka kabla sijamaliza atoke nje.

Wilondja alikuwa mpiga picha mwenye jina la aibu. Katika arusi ya binti wa Mama Epiphanie, jirani yake, aliwapiga maarusi wote wawili kuanzia shingoni kushuka chini, na tangu siku ile mama akamwita Kata-Vichwa, kambi nzima ikafuata, na wateja wakahama. Ikafika jioni ya Septemba, mwezi ukapatwa, ukawa mwekundu juu ya mabati yetu. Mama Epiphanie alikuwa kitandani na malaria, hawezi hata kuinuka. Wajukuu walipomweleza aligomba.

"Batoto ba uongo! Mulete picha, njo nitaamini."

"Mama, mi nitakuletea mwezi muzima!" akanguruma Wilondja kutoka upande wa pili wa ukuta.

"We, Kata-Vichwa? Utaniletea nusu."

Lo! Shujaa akatoka uani. Shambulio la kwanza aliwasha flashi. Naam, wapendwa, aliumulika mwezi kwa flashi, na alichopata ni suruali za jirani kwenye kamba. La pili mkono ulitetemeka, mwezi ukatoka mrefu kama muhogo. Ndipo Charlotte, mkewe, fundi wa nguo asiyetishwa na gauni wala koti, akabeba cherehani yake nje, akaifunga simu kwenye shingo ya cherehani hiyo kwa vipande vya kitenge, nyuma ya jicho moja la darubini ya kuazima kwa pasta.

"Toa mikono," akaamuru. "Acha simu ijipige yenyewe."

Akatoa. Simu ikahesabu tatu, mbili, moja. Mwezi ukaingia wote, mwekundu, mviringo.

Kulipokucha kabaza, baiskeli ya abiria, ilimfikisha Wilondja barabarani, minibasi ikamshusha Old Town, Lilongwe, kwenye studio ya kuchapa picha. Fundi wa pale, mtu mwema, amezoea kung'arisha nyuso za wateja bila kuulizwa. Kwa huruma yake akaung'arisha na mwezi. Ukatoka mweupe pe!

"Ulikuwa mwekundu mno, bambo," akamwambia kwa heshima, kwa Kichewa. "Nimeusafisha bure."

Wilondja akapiga kaunta kwa kiganja, naye akajibu kwa Kichewa hicho hicho: "Ewe mpausha nyuso! Nimepigana na giza, nimepigana na mkono wangu mwenyewe, sirudi kwa Mama Epiphanie na mwezi uliopakwa poda! Urudishie wekundu wake, la sivyo nalala hapa hapa!"

Fundi akaona mgeni hatanii, akachapa upya. "Zikomo," akashukuru shujaa, akainama.

Nilikuwa mlangoni kwa Mama Epiphanie picha ilipofika. Homa ilikuwa imeshuka. Aliisogeza kwenye mwanga, akafuata ukingo wa mwezi kwa kidole, juu, chini, akazunguka tena. Wilondja alilowa jasho, na mimi pia, sifichi.

"Kumbe njo vile ilikuwa," akasema polepole.

Kisha akatoa uso dirishani, akapaza sauti mpaka bombani: "Kuyeni muone mwezi! Wilondja njo aliipiga!"

Shujaa akalia mbele za watu. Mama alisema Wilondja, nimesikia kwa masikio yangu haya mawili, na iandikwe hivyo.