Kibao cha Mlima Kinaelekeza Jikoni kwa Mama

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Mlima,
Kitengo cha Njia na Vibao.

Ndugu Mkuu,

Naomba upokee salamu zangu ukiwa umekaa, maana mimi nilipopata habari hii nilikuwa nimesimama, nikaangusha shuka la watu ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi.

Mimi ni mtoto wa hapo hapo kwenu, chini ya mlima, ila kwa sasa niko ng'ambo, nafanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli kubwa. Kazi yangu ni kukunja mashuka. Shuka la hoteli halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha, huyu huku na yule kule, mnasogeleana mpaka mnakutana katikati kama watu wanaosalimiana, halafu mnarudi nyuma. Ndivyo hivyo kutwa nzima. Nakueleza haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu aliyekaa bure akatafuta kesi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosa adabu mahali, chukulia ni uchovu.

Shauri lenyewe ni kibao. Pale njia panda, penye duka la saruji, mlisimamisha kibao kilichoandikwa MLIMANI na mshale chini yake. Mtu akitoka mjini anashuka kwenye basi pale, anafuata mshale upande wa kulia, anapita shamba la miti, anafika kwenye geti lenu. Ndivyo ilivyokuwa tangu niko mdogo, na mlima haujahama. Lakini siku hizi mshale unaelekea kushoto. Kushoto hakuna mlima, Ndugu Mkuu. Kushoto kuna barabara ya vumbi inayokwenda kwa mama yangu. Haiendi kwingine. Ikifika mlangoni kwake imekwisha.

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyenitumia picha. Nikapiga simu ofisini kwenu, karani wako akanijibu kwamba kibao ni mali ya serikali na mali ya serikali haikosei. Sikubishana naye. Nimeona ni bora nikuorodheshee madhara, wewe mwenyewe uone.

1. Wageni wanaingia kwa mama. Wa kwanza walikuwa mtu na mkewe, wana fimbo za kupandia na mabegi makubwa kuliko wao. Walimkuta mama anachambua maharage. Wakamsalimia kwa heshima zote na kumkabidhi pasi zao za kusafiria, wakidhani ndiye mwenye geti. Mama hajawahi kukataa kitu anachopewa kwa mikono miwili. Akazifuta vumbi, akaziweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, akawaambia wakae. Wakakaa. Wakalala. Asubuhi walipouliza kileleni wanakwenda lini, mama akasema hakuna mtu anayetoka kwake kwenda kupanda chochote na tumbo tupu, akabandika chai nyingine.

2. Shemeji amegeuka mwongoza wageni. Huyu mtu namfahamu. Akipanda ngazi kubadilisha balbu, dada lazima amshike miguu. Leo ana kofia na filimbi. Anawapandisha wageni kwenye kile kilima cha nyuma ya shule, ambacho sisi tulikuwa tunakipanda kukwepa hesabu. Wakifika juu anapuliza filimbi na kuwapa mkono wa pongezi. Wakimuuliza ule mkubwa unaoonekana kule, ulioingia mawinguni, ni nini, anawaambia ule ni wa majirani.

3. Chumba changu kimechukuliwa. Kitandani kwangu analala mtu ambaye hata hajui kwamba mguu wa nyuma unawekewa tofali. Mama amemtandikia shuka jipya. Mimi nakunja mashuka ya wageni ugenini, na mama anawakunjia wageni mashuka chumbani kwangu. Sasa niambie, Ndugu Mkuu, katika familia yetu aliyebaki akihudumiwa ni nani? Ni shemeji peke yake.

4. Hili ndilo linaloniuma. Kila Jumapili mchana nampigia mama simu. Ndiyo siku yangu ya kupumzika na yeye anajua. Zamani alikuwa anapokea kabla simu haijalia vizuri. Tunaongea mpaka maneno yanatuishia, halafu tunanyamaza pamoja, kila mtu anamsikia mwenzake anavyopumua, na sehemu hiyo ndiyo niliyokuwa naipenda kuliko zote. Siku hizi anapokea shemeji: "Shem, subiri kidogo, mama ana wageni." Nasubiri. Nasikia vikombe. Nasikia mama anafundisha watu kuitikia "marahaba", na watu wazima wanacheka kama wametekenywa. Mwisho anakuja. "Mwanangu, umekula? Haya baba, ngoja nikakae na hawa watu, wasije wakaona upweke. Unajua wako mbali na kwao." Ndugu Mkuu, wao ndio wako mbali na kwao!

5. Msimamizi wetu hapa tunamwita Mvuke, kwa sababu anatokea ghafla na anaunguza. Kwa sifa za mlima nilizomsimulia mimi mwenyewe, alikwenda likizo kuuona. Aliporudi alitukusanya penye mashine za kukaushia, akatoa simu. "Haya, tazameni mlima wa kwao huyu." Nikatazama. Mlima sikuuona. Nilimwona mama, amevaa koti langu la bluu, anacheka, na nywele zake ni nyeupe kuliko nilivyoziacha. Pembeni yake amekaa Mvuke, kwenye kiti changu, na kikombe mkononi. Inaonekana mama alimuuliza kama ananijua, na yeye bila aibu akasema ananijua sana. Ndipo mama alipomweleza kwamba utotoni niliitwa Kifaranga, kwa vile nilimfuata kila aendako mpaka mlangoni pa choo. Tangu siku hiyo ni "Kifaranga, lete mito!" na "Kifaranga, taulo za juu ziko wapi?" Mwenzangu ninayekunja naye mashuka, mtu mzima mwenye wajukuu, kila tukikutana katikati ya shuka ananiambia "pio pio".

6. Nikaomba likizo na mimi. Mvuke akashangaa. "Wewe uende kufanya nini? Mlima si wa kwenu, umezaliwa ukaukuta? Waache wasioujua waende." Kwa hiyo dunia nzima inaruhusiwa kwenda kwa mama isipokuwa mwanawe, na sababu ni kwamba ni mwanawe. Hapo ndipo kibao chenu kilipotufikisha.

Sasa maombi yangu, na sina makuu. Naomba kibao kigeuzwe. Kama hakigeuziki, basi mlima usogezwe kushoto ulingane na kibao. Nafasi ipo nyuma ya zizi, mradi usizibe jua la kamba ya nguo. Kama na mlima wenyewe ni mali ya serikali na haugusiki, tangazeni rasmi kwamba mlima ni mama yangu. Ramani zichapwe upya. Awekewe geti na mlinzi, na Jumapili mchana afungwe kwa matengenezo, asionekane na mtu yeyote mpaka nimalize kuongea naye. Wapandaji wakatazwe kuvaa koti la bluu. Shemeji anyang'anywe filimbi.

Na mkishatangaza hivyo, itabidi mnifikirie na mimi. Nasikia mtu akipotea mlimani huwa mnatuma kikosi kwenda kumtafuta, na kamba, na machela, na blanketi. Mimi nilitoka kwenye huo mlima nikiwa na begi moja na sijaonekana tena. Nimepotea miaka mingi. Sijaona kikosi.

Nisalimie karani wako. Msalimie na fundi anayepaka rangi vibao, kazi yake inasomeka vizuri hata kwenye picha. Wasalimie walinzi wa geti lenu, ambao bila shaka siku hizi wanacheza bao tu kwa kuwa hakuna anayewafikia. Na kukikucha bila mawingu, nisalimie na mlima.

Ni mimi, mkunja mashuka,
Kifaranga.
(Jina langu kamili muulizeni mgeni yeyote aliyepita kwa mama.)

Nyongeza: Bahasha nimeifungua tena, samahani kwa gundi. Mama amenipigia simu. Amepiga mwenyewe, na leo si Jumapili. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimewashitaki kwa ajili ya kibao. Akacheka mpaka akakohoa. Ndugu Mkuu, kibao hamkukigeuza nyinyi. Ni yeye. Alikwenda na shemeji na mtaimbo, shemeji akachimba, yeye akashika mlingoti. Nikamuuliza, mama, kwa nini? Akasema: "Dunia nzima inakuja kuuona ule mlima, na wengine wanatokea huko uliko. Nikaona nikiwapitisha hapa kwanza nitawauliza habari zako. Wewe kila Jumapili uko salama, uko salama. Nilitaka mtu aliyekuona kwa macho." Aliuliza wote. Wa kwanza kusema ndiyo alikuwa Mvuke, na alimwambia nimekonda.

Nimekwenda kwa Mvuke nikamweleza ukweli, kwamba mimi ule mlima sijaupanda hata siku moja, sisi wa chini yake huwa hatupandi. Akanitazama. "Kumbe hujauona! Ungesema. Nenda, na umwambie mama yako nimesalimia."

Kwa hiyo tafadhali msiguse kibao, hasa mwezi huu. Mwambie karani wako alikuwa sahihi, hakijakosea. Mama anasema stendi imehamishwa, duka la saruji limevunjwa, na njia panda yenyewe sitaitambua. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nikishuka kwenye basi nitafuata mshale.