Usingizi wa Beki

Jumatano, 15 Januari

Hili sijamwambia mtu, hata mama: sitaki Topias acheze vizuri sana. Wala vibaya sana. Nataka acheze wastani, mwaka hadi mwaka, hapahapa Kaarivesi, alale chumba cha juu nyumbani kwetu, asiende popote.

Topias Kettumäki ni beki wa Isku, timu yetu ya hoki ya barafuni. Ana miaka kumi na tisa na mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Klabu ilimleta kwetu kwa sababu mama hupokea vijana wa timu, na makaroni yake ya kuoka yana sifa mji mzima. Mimi nina kumi na sita. Shuleni nimefungua mdomo mara mbili tangu Krismasi, zote kwa kuulizwa.

Siku ya mechi wachezaji hulala mchana. Ni kama sheria. Topias alikuwa hapati usingizi, anageukageuka tu kama samaki kikaangoni. Oktoba nikajitolea kumsomea riwaya yangu, ninayoiandika mwenyewe. Nilikaa kwenye ngazi, nje ya mlango wake. Uso kwa uso nisingeweza. Jioni ile Isku ikashinda. Basi, yakawa hayo. Mtu wa hoki akishinda na soksi fulani, soksi hiyo haifuliwi tena hadi msimu uishe. Tangu hapo nasoma kila mechi. Ni msikilizaji wangu wa pekee duniani.

Sasa balaa. Kocha Rautio amesema Topias anapanda mbele mno, nyuma panabaki wazi kama zizi lisilo na mlango. Akirudia leo, anapelekwa kwa mkopo Lapi, kaskazini kabisa, daraja la pili. Lapi! Kule Januari jua lenyewe huchungulia tu likarudi kulala.

Nimemsomea tena sura ya kumi na nne, kuhusu kodi ya kiwanda cha mbao. Hata mimi hunilaza. Ukurasa wa pili akaanza kukoroma.

Alhamisi, 16 Januari

Tumeshinda. Topias alikaa nyuma kama alivyoagizwa. Rautio amemwambia haikuwa mbaya. Kwa Rautio hiyo ni hotuba. Lapi imefutwa.

Mama anasema ni makaroni. Amewaambia majirani wawili na mtu wa posta. Mimi najua ni sura ya kumi na nne.

Furaha haikufika usiku. Mezani Topias akasema, mdomo umejaa, kwamba Jumamosi anakuja mtafuta vipaji kutoka Uswidi. Kumtazama yeye. Mama akampigia makofi. Mimi nikarudisha makaroni yangu bakulini.

Kisha akaniuliza lile swali lake la kila siku: Profesa, farasi anaendeleaje? Farasi ni Tuisku. Yuko ukurasa wa kwanza wa riwaya yangu. Alikufa sura ya pili, Topias akiwa amelala. Sina moyo wa kumwambia. Nikasema anaendelea.

Ijumaa, 17 Januari

Mpango umepatikana. Beki asipolala mchana, kipindi cha tatu miguu inakuwa mizito. Mswidi anaona, anafunga mkoba, anakwenda zake. Topias anabaki. Hataumia, atachoka tu.

Nitamsomea sura ya thelathini na moja. Kiwanda kinaungua, mhusika wangu Aliina yumo ndani, mlango umefungwa kwa nje. Nimeisoma peke yangu bafuni, nikaukagua mlango mara mbili. Mwenye damu mwilini hawezi kuilalia.

Dhamiri inanisumbua. Baba yake alikuwa akimpeleka uwanjani alfajiri tangu ana miaka mitano, kwenye gari lisilo na kipasha joto. Ni ndoto ya watu wawili. Lakini Uswidi wana mabeki wengi. Mimi nina msikilizaji mmoja.

Situlii. Napanda, nashuka, nafungua friji, nafunga. Mama akaniambia nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, akauliza naumwa au napenda. Nikasema hakuna hata kimoja. Akanipa juisi ya moto hata hivyo.

Jumamosi, 18 Januari

Nilisoma kwa sauti zote nilizonazo. Paa la kiwanda lilipoanguka nikapiga ngazi teke. Mama akauliza kutoka jikoni nani kaanguka tena. Nikatega sikio mlangoni.

Anakoroma.

Nikapandisha sauti. Akakoroma zaidi. Aliina alipokuwa akipiga mlango kwa ngumi, Topias alikuwa amelala fofofo. Ikabidi mama apande amwamshe kwa kumvuta mguu.

Uwanjani nilikaa nyuma ya goli letu, kitabu magotini. Na hapo Mungu akanikumbuka. Mechi nzima nilimtafuta Topias, simwoni. Anapata kile kisahani cheusi kinachochezewa badala ya mpira, anatoa pasi fupi, basi. Mshambuliaji akija kwa kasi anamkuta amekwisha kusimama pale, kama nguzo ya mlango, anazunguka kwingine. Hakufunga. Hakuanguka. Hakupigana. Hakuna aliyelitaja jina lake.

Nimerudi nyumbani mwepesi kama unyoya. Mswidi hana la kuandika. Hakuona kitu.

Jumapili, 19 Januari

Mswidi amepiga simu asubuhi, tukinywa kahawa. Topias alisikiliza amesimama, masikio mekundu. Kisha akatusimulia: yule mzee amesema mechi nzima alimwona mara tatu tu, na beki wa namna hiyo ndiye anayemtafuta. Beki huonekana anapokosea.

Mama akasema hilo hata paka wetu analijua. Hakuna aliyekuwa ameniambia mimi.

Anaondoka Jumatano. Watamjaribu hadi Aprili. Akivurunda, anarudishwa Kaarivesi.

Mama analia huku akioka makaroni. Topias akaja akakaa kwenye ngazi, kando yangu, mara ya kwanza. Akasema ni mimi niliyemfikisha. Akasema ile sura ya jana ni bora kuliko zote, alilala kama gogo. Nikasema asante.

Jumatano, 22 Januari

Ameondoka saa mbili asubuhi. Begi, magongo, na bakuli la makaroni limefungwa kwa taulo. Mlangoni tukapeana mikono kama watu wa benki.

Profesa, akasema, kila mechi utanipigia simu unisomee, umesikia? Nisipolala nimekwisha. Kisha akashusha dirisha la gari akauliza tena: na farasi, usinifiche, yuko salama?

Nikasema yuko salama. Gari likapinda kwenye kona ya kanisa.

Nimekaa nikafikiri na kosa nimeliona. Nilitumia moto. Moto ni joto, na joto huleta usingizi. Mtoto mdogo anajua. Tena nilimtia hatarini Aliina, ambaye Topias hamjui kabisa. Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya asiyemjua.

Nikapanda nikakaa kwenye ngazi yangu, mbele ya chumba kitupu, nikaanza sura ya thelathini na mbili. Nikamfufua Tuisku. Ilichukua aya moja. Nikamtoa zizini, nikampeleka katikati ya ziwa lililoganda, nikaipasua barafu chini ya miguu yake ya nyuma, nikaishia hapo.

Halafu nikampigia Topias simu kumwuliza mechi ya kwanza ni lini. Ni Jumamosi.