Ufa Chini ya Jiko la Mama Nabila

Jumatatu, 5 Mei 2025
Wapimaji wameingia hapa kambi ya polisi, Mbale. Wanatafuta ufa ulio hai, yaani mahali ardhi ilipokatika na bado inasogea. Injinia Gorreti alituonyesha picha za setilaiti. Akasema mstari ulionyooka sana si wa kupuuza. Nabila akatazama picha. Mimi nikamtazama Nabila. Tumekua kambi moja na sijawahi hata kumsalimu. Mpango: niuone ufa kabla ya injinia. Nabila atanijua tu.

Jumanne, 6 Mei
Nimeupata! Kwenye picha za setilaiti, simu ya baba. Mstari wa nyasi mbichi, umenyooka kama rula, unapita chini ya jiko la mama yake Nabila, pale langoni anapouza chapati. Haya ikanizuia kumwambia Nabila. Nikamwambia rafiki yangu Arnold. Kwa siri.

Jumatano, 7 Mei
Arnold ametangazia kambi nzima kwamba ufa ameuona yeye. Mshenzi. Nikasimama mbele ya watu, mimi, nikasema ufa ni wangu. Mama Nabila akauliza, "Opio mwanangu, una hakika?" Nikasema kabisa. Akabomoa jiko. Nabila alipita na mabati kichwani, akanishukuru. Sikuweza kula.

Alhamisi, 8 Mei
Wamechomeka vinasa mtetemo ardhini, wakagonga bamba la chuma kwa nyundo. Mtetemo ukirudi, unaonyesha udongo ulivyokaa huko chini. Tuliambiwa tusijitikise. Nikachezesha mguu kando ya kinasa, labda mashine ingechora ufa. "Afande mdogo," injinia akasema, "hivi vinasikia hata ukijikuna." Kicheko. Wakarudia. Hakuna ufa. Wakachimba kidogo: bomba kuukuu la maji, linavuja. Ndiyo hizo nyasi.

Ijumaa, 9 Mei
Mvua. Unga wa Mama Nabila umelowa wote. Hajanigombeza, na hilo ndilo linaniuma. Nabila alisema neno moja tu: si ningemsalimia tu?

Jumamosi, 10 Mei
Nimeshinda juu ya paa la jiko tunalolijenga upya, napigilia mabati. Nabila ananipa msumari mmoja mmoja. Msamaha nilikuwa nao mdomoni, nimeufanyia mazoezi tangu asubuhi. Ila kutoka kule juu nikaona mstari mwingine wa nyasi, umenyooka kuliko ule, unaingia moja kwa moja mlangoni kwa kina Arnold.
Msamaha utangoja. Injinia bado hajaondoka.