Mstari Mmoja Tu, Seva Zote

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa chumba cha seva anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti kinabaki wazi! Wa kukikalia tuko wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Mimi nina utaratibu. Yeye ana kipaji tu.

Seva zetu zinauza tiketi za mabasi; moja kubwa ndiyo inayozilisha nyingine zote. Kila asubuhi lazima ratiba ya siku iingizwe, la sivyo madirisha ya kituoni hayauzi kitu. Mipangilio ya seva hizo hupelekwa na programu tunayoiita Mjumbe. Ana kasoro. Ukitaka kubadilisha mstari mmoja, anatupa faili zima na kuweka jipya. Sawa na kubomoa nyumba ili ubadilishe kitasa! Nitamwandikia kiongezo, ajue kuhariri mstari mmoja. Mkuu ataona nani ni nani.

Jumanne, 4 Machi

Kiongezo kinafanya kazi! Unampa Mjumbe neno, anautafuta mstari wenye neno hilo, anaubadilisha au anaufuta, seva zote kwa mpigo. Mkuu akasema safi sana. Hapo shemeji akapita na kikombe cha chai, akachungulia, akauliza: je, usipojua mstari huo umebeba nini kingine? Mkuu akacheka, akampiga begani, akasema ndiyo maana anampenda huyu bwana. Mimi nikasahaulika palepale, kama mwavuli jua likitoka.

Baadaye nilimnong'oneza Mkuu kwamba shemeji huenda nyumbani bila kutoka kwenye seva, kompyuta yake ikibaki imeingia humo usiku kucha. Nilisema kwa masikitiko.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu anasema nikikikosa cheo nisimletee uso wa msiba mezani, maana kaka yake akikipata ni kheri ya ukoo uleule. Hanielewi.

Nina mpango. Si mbaya. Kuna faili la wanaoruhusiwa kuingia kwenye seva. Mjumbe ataufuta mstari wenye jina la shemeji. Kesho ni zamu yake ya ratiba: atakataliwa, atahangaika mbele ya Mkuu, nami nitajitokeza kuokoa jahazi. Aibu ya dakika chache, basi. Nimetoa amri kabla ya kutoka kazini. Mjumbe akajibu: imefanyika, seva zote. Mtiifu ajabu!

Ijumaa, 7 Machi

Ole wangu.

Faili lile halina mstari wa kila mtu. Lina mstari mmoja tu, majina yote yamepangwa humo, yametenganishwa kwa alama ya mkato. La shemeji. La Mkuu. La kwangu. La Mjumbe mwenyewe! Nimetufungia nje sote, na mwenye funguo juu yake.

Shemeji alichelewa, alikuwa anamsindikiza mama yake, yaani mama mkwe wangu, kwenye basi. Nikajitokeza. Nikaandika nywila kwa madaha. Nikakataliwa. Mkuu akajaribu, akakataliwa. Simu zikaanza kulia. Kituoni abiria wamekalia mizigo yao. Mke wangu akapiga: mama amerudishwa nyumbani kwetu na masanduku yake, na anasema kwa usumbufu huu haondoki tena mpaka mwezi uishe.

Shemeji akaingia mbio, akagusa kompyuta yake. Jana hakutoka kwenye seva. Bado alikuwa ndani! Akaurudisha mstari, akaingiza ratiba, hata kiti hakukipasha moto.

Mkuu akauliza nani aliufuta. Nikatazama viatu vyangu. Shemeji akanitazama mimi. Kisha akasema tulikuwa tunajaribu kiongezo, yeye na mimi, tukateleza. Mkuu akasema kiti chake afadhali amwachie mlinzi wa getini kuliko mmoja wetu.

Kwenye ngazi shemeji alinishika mkono. "Ungeniambia tu unakitaka, shemeji. Mimi ningekaa pembeni."



Jumatano, 12 Machi

Kiti amepewa bwana mmoja kutoka idara ya malipo, asiyejua tofauti ya seva na friji. Mkuu ameniambia wazi kwamba jina la shemeji lilikuwa limeshaandikwa, likakatwa Ijumaa ile. Limekatwa kwa sababu yangu. Nimeshindwa kumwambia mke wangu. Mama mkwe ameuliza, huku akichambua mboga, kwa nini siku hizi simtazami binti yake usoni. Nimesema macho yananiuma.

Jumapili, 16 Machi

Shemeji alikuja kula. Akawarusha watoto juu, akacheka, akanipa chumvi kabla sijaiomba. Heri angenitukana! Nimemharibia mtu mwema, na sina namna ya kumrudishia alichopoteza.

Au ninayo. Mkuu mpya ikionekana hawezi hata kuingia kwenye seva, itabidi wamwite shemeji. Na kosa langu sasa nimelijua: nilifuta mstari mzima. Mchana huu nimemfundisha Mjumbe kuchomoa jina moja ndani ya mstari, majirani zake wabaki salama. Wala sikurudia ujinga wa kujaribu seva zote kwa mpigo. Nimejaribu sasa hivi kwa jina la Mkuu mpya, nikiwa hapa nyumbani, kwenye moja tu.

Ile kubwa.