Kidevu Kisichotakiwa Kwisha

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba kimya. Tangu binti yangu aolewe, hata saa ya ukutani naisikia ikitembea. Kwa kinyozi hapo jirani benchi limejaa wenye vipara! Wanakwenda kupiga soga tu. Roho imeniuma. Nimebandika tangazo mlangoni: nachora sura kwa wino, bure. Atakayekaa kuchorwa atakwenda wapi? Lazima tuzungumze. Akili hiyo!

Jumanne, 4 Machi
Kaja fundi viatu. Nikamchora kwa mistari ya haraka, nikanogewa, nikamaliza chai haijachemka. Akashukuru, akaipeleka picha kwa kinyozi wakaione. Kakaa huko mpaka jioni, nawasikia wanacheka. Mjinga mimi.

Jumatano, 5 Machi
Dawa nimeipata: nukta! Uso mzima nukta tupu za kalamu, hakuna mstari hata mmoja. Pua peke yake inakula asubuhi nzima. Kakalia kiti muuguzi mstaafu wa ghorofa ya juu, mjane, mtu wa maneno machache. Mpaka anaondoka nimefika kwenye nyusi. Kasema atarudi kesho. Nimeosha vikombe viwili. Siku nyingi nilikuwa naosha kimoja.

Alhamisi, 6 Machi
Karudi! Kanisimulia habari za wodini, na za marehemu mumewe aliyekoroma mpaka majirani wakahama. Nilicheka mkono ukateleza, sikio likaota ndevu. Lakini picha inakwisha, kimebaki kidevu tu. Sina raha.

Ijumaa, 7 Machi
Hila. Nikapiga chafya ya uongo, kiwiko kikagonga kichupa, wino ukafunika picha yote. Na gauni lake la maua pia. Hilo sikulipanga! Nikaomba radhi, nikasema basi itabidi tuanze upya.
"Nimekuona ukikisogeza hicho kichupa," akasema.
Nikatamani ardhi ipasuke.
"Ungenigongea tu ukasema njoo tunywe chai, ningekuja. Mimi nami nakaa peke yangu huko juu."
Kasema Jumapili saa kumi nipande kwake. Kalamu niiache.

Jumapili, 9 Machi
Nimeyapima maneno yake siku mbili. Mama wa watu mstaarabu, alikuwa ananisitiri tu. Nani anamwita mtu kama mimi bila sababu? Sidanganyiki: anachotaka ni picha yake, atashuka mwenyewe. Nimenunua nibu ya kalamu nyembamba kuliko zote dukani, na karatasi kubwa kama mlango. Safari hii namchora mzima, na gauni lenyewe, ua kwa ua. Tutazeeka hapa! Kiti nimekipangusa, mlango nimeuacha wazi. Saa kumi imepita, hajashuka. Huko juu nasikia anasogeza viti, anafagia, anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Kumbe anangoja mgeni. Ana bahati huyo mgeni, yeyote awaye.