Jabri wa Wapi

Jumatano, 14 Januari 2026

Nimerudi kutoka Wete. Posa ya Rahila imekubaliwa na harusi itafungwa kabla ya Ramadhani. Rahila ni mdogo wangu wa mwisho, mwalimu wa skuli, na kwa kuwa baba yetu ameshatangulia mbele ya haki, walii wa kumwozesha ni mimi. Mchumba ni Nizar, fundi umeme, kijana mtaratibu. Kwake sina neno.

Neno ninalo na ukuta wa mama yake. Bi Thuraiya ametundika sebuleni nasaba ya ukoo wao ndani ya fremu ya dhahabu. Vizazi kumi na moja, kwa Kiarabu. Ukoo wao ni Al-Jabri. Na mimi ni Talib Rajab Jabri. Nikamwambia hapo hapo kwamba basi sisi ni wamoja.

Akaniuliza kwa upole, "Nyinyi Jabri wa wapi?"

Nikasema wa Konde, hapa hapa kisiwani.

Akatabasamu, akanimiminia kahawa. Kahawa nzuri. Lile tabasamu limenikaa kooni mpaka sasa.

Alhamisi, 15 Januari

Dukani. Sikuletewa saa hata moja. Kazi yangu ni fundi saa, na watu siku hizi wanatazama saa kwenye simu. Nikauza kava mbili za simu, halafu nikakaa kutafuta jina langu.

Mambo makubwa. Oman kuna ngome iitwayo Jabrin, na dari zake zimechorwa maua. Kuna akina Jabri wa Halab, kule Shamu. Kuna akina Jabri wa Moroko. Maprofesa, mawaziri, hata mchezaji mpira mmoja. Miaka yangu hamsini yote nimekaa Konde, natengeneza saa za watu, na jamaa zangu wametapakaa dunia nzima.

Nikamwonyesha ngome Abdulsamad, jirani yangu anayeuza ndoo na mabeseni. Kosa. Abdulsamad ana binamu Maskati na haipiti siku bila kumtaja. Akasema binamu yake ameshaingia Jabrin, mlangoni wanakata tiketi, na je, mimi wataniachia bure au nitapanga foleni? Nikazima simu. Mtu wa mabeseni.

Jumamosi, 17 Januari

Nimeandika nasaba yetu. Shida ni kwamba nawajua watatu tu: mimi, baba Rajab, na babu Duni. Wengine nimewatafuta. Wa tano nimempa jina la dereva wa gari ya Wete. Wa nane na wa tisa wametoka kwenye simu yangu, watu wa heshima wote wawili. Wa mwisho nimemweka Jabrin, mlinzi mkuu wa ngome.

Wao wana vizazi kumi na moja. Sisi tuna kumi na viwili.

Mama akapita na ungo wake, akauliza naandika nini. Nikasema hesabu za duka. Akasema hesabu za duka langu zinatosha nyuma ya kibiriti. Bi Kazija, mama yangu, ana miaka sabini na miwili, na ulimi wake haujazeeka hata kidogo.

Jumapili, 18 Januari

Wete tena, na nasaba yangu ndani ya bahasha. Bi Thuraiya akavaa miwani, akasoma pole pole, kidole juu ya kila jina. Akasema mwandiko ni mzuri. Akasema kwa bahati mbaya hamwoni Duni popote kwenye ya kwao. Akaikunja vizuri, akanirudishia.

Nilikuwa nishaanza kutafuta viatu, ndipo yeye mwenyewe akaleta habari nyingine. Akasema katika maisha yake kuna mtu mmoja tu wa Konde anayetamani kumpata, naye hamjui. Alipozaliwa yeye, mama yake aliugua, akafariki baada ya wiki chache. Akachukuliwa na mwanamke mmoja wa upande wa Konde, akamnyonyesha. Jina lake hakuna aliyelihifadhi. Waliolijua wote wamekufa.

Nikaona mlango umefunguka. Nikasema, "Bi Thuraiya, huyo ni mama yangu."

Akavua miwani. Halafu akalia, kilio cha kimya, ushungi umefunika mdomo, akanishika mkono akaniita kaka yangu.

Nikarudi na halua kilo mbili na jina la kaka.

Jumatatu, 19 Januari

Mama sijamwambia bado. Halua nimesema ni ya posa. Amekula, amesifu.

Bi Thuraiya amepiga simu mara tatu. Anauliza mama anapenda kanga za rangi gani. Anauliza mama anatembea vizuri au anaumwa miguu. Anasema Ijumaa atakuja mwenyewe kumbusu mikono. Nimemwambia mama hapendi kukumbushwa mambo ya zamani, bora tusubiri baada ya harusi. Akasema amesubiri tangu alipozaliwa, inatosha.

Jumatano, 21 Januari

Shehe Mabruki, atakayefungisha ndoa, amekuja dukani. Nikafurahi, nikadhani ameleta saa. Hakuleta. Akavuta kigoda, akasema Bi Thuraiya amempigia simu kwa furaha kumpa habari, naye anataka kuuliza jambo moja tu. Mama alimnyonyesha mara ngapi? Mara moja, mbili?

Nikaona huu si wakati wa ubahili. Nikasema siku arubaini, usiku na mchana.

Shehe akasogeza kigoda karibu. Kisha akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wa chuo cha Kurani. Kama mama alimnyonyesha Bi Thuraiya, basi kwa sheria ya dini Bi Thuraiya ni dada yake Rahila kwa maziwa. Na Nizar ni mtoto wa Bi Thuraiya.

"Kwa hivyo Rahila ni mama mdogo wa Nizar," akasema. "Ndoa haipo, Talib."

Nikauliza kama siku arubaini zinaweza kupunguzwa. Akasema yeye si muuza duka.

Jioni Rahila amerudi kutoka skuli, habari ameshaipata kwa Nizar. Alikaa jikoni akapepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Nilitaka kumwambia. Nilifika mpaka mlangoni, nikageuka.

Ijumaa, 23 Januari

Wamekuja baada ya sala. Bi Thuraiya, Nizar na Shehe Mabruki. Kanga doti nne. Bi Thuraiya macho mekundu, maana amepata mama na amepoteza harusi ya mwanawe kwa mpigo mmoja. Akapiga magoti mbele ya mama yangu, akachukua mikono yake miwili.

Mama akamtazama, akanitazama mimi. "Talib, huyu ana nini?"

Shehe akamweleza. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza Bi Thuraiya alizaliwa lini. Akaambiwa mwaka.

"Mwaka huo mie nilikuwa Wambaa kwa baba yangu," akasema mama. "Sijaolewa. Maziwa ningeyatoa wapi?"

Watu wote wakanigeukia. Kumbe Bi Thuraiya ana miaka hamsini na minne. Anajitunza, mimi nilimdhani mdogo wangu. Fundi saa, na hesabu ya miaka imenishinda.

Nikasema. Nilisema yote: nasaba, dereva wa gari, lile tabasamu. Nilitazama mkeka. Nizar alitoka nje. Rahila alisimama mlangoni, na uso wake siuandiki hapa.

Bi Thuraiya hakunigombeza. Alisema kwa sauti ya chini tu, "Mama yangu sasa nimemkosa mara mbili." Ningependelea anipige.

Mama hakumwachia mikono. Akamwambia, "Mie sikukunyonyesha, mwanangu, na uongo sisemi. Lakini umeshapiga magoti hapa kwangu. Hutatoka na njaa." Akamwinua, wakaingia jikoni pamoja. Walikaa huko muda mrefu. Mama alimtajia wanawake wote wa Konde anaowakumbuka waliokuwa na watoto wachanga zama zile, mmoja mmoja, na Bi Thuraiya akaandika majina kwenye simu.

Chakulani ndipo Bi Thuraiya alipomuuliza mama, basi hili jina la Jabri tulilipata wapi. Mama akacheka. Akasema babu Duni alikuwa mtu wa Vitongoji, mkulima, na alikuwa akiunga mifupa. Mwarabu mmoja alianguka mkarafuuni akavunjika mkono, babu akauunga, ukapona ukawa kama haujavunjika. Huyo Mwarabu ndiye aliyeanza kumwita Jabri. Shehe akasema ndiyo, kwa Kiarabu jabri ni kuunga mfupa uliovunjika.

Nikauliza kama huyo Mwarabu alitokea upande wa ngome. Mama akaniambia nile.

Shehe alipomaliza kunawa akasema kizuizi hakipo tena, ndoa itafungwa siku ile ile iliyopangwa. Nizar alikuwa amesharudi ndani, amekaa karibu na Rahila, wanaongea kwa sauti ndogo. Rahila ametoa sharti moja: nitamke maneno ya walii, yale tu, na baada ya hapo nisiseme kitu mpaka wageni waondoke.

Jumapili, 25 Januari

Siku mbili sikutoka nje. Nimefikiri sana. Nimetubu. Kuongopea watu juu ya ukoo ni jambo baya, na sitalirudia.

Lakini kuna jambo limenijia alfajiri, na hili ni la kweli tupu, mama mwenyewe ameshuhudia. Babu yangu aliunga mifupa. Ni damu. Haiwezekani ikaishia kwake. Na mikono yangu tangu ujana imezoea vitu vidogo: skrubu, springi, magurudumu ya saa. Mfupa una shida gani?

Nimeshaandika kibao: JABRI, MUUNGAJI MIFUPA, TANGU ENZI. Kipo nyuma ya pazia, rangi inakauka. Mama hajakiona.

Kwa mazoezi nitaanza na mbuzi. Mbuzi wa Abdulsamad anachechemea tangu juzi, mguu wa nyuma, wa kushoto. Abdulsamad keshokutwa anakwenda Chake na atarudi jioni. Sitamwambia kitu. Akirudi atamkuta mbuzi wake mzima.